Maji Ndiyo Ukuta: Tangi la Sisimizi kwa Nyumba ya Gisenyi

Jikoni kwa mama yangu kabati la chakula lilisimama ndani ya makopo manne ya maji, kila mguu na kopo lake. Sukari, mkate na samaki wadogo sambaza wa kukaanga vilikaa juu salama, na sisimizi walizunguka chini, wakanusa ukingo wa kopo, wakageuka. Lakini wiki ikipita maji hayajabadilishwa, vumbi la unga na mafuta ya jikoni yalitanda juu yake kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Asubuhi moja tunakuta mstari mweusi umevuka hadi kwenye sukari. Makopo yalikuwa yamejaa vilevile, ila maji yake yalishageuka daraja.

Tangi ninalotaka ulijenge ni kopo lile lile lililogeuzwa ndani nje: sisimizi wako kisiwani katikati, na maji yamewazunguka. Jina lake la kitaalamu ni paludariamu, yaani tangi la kioo lenye maji chini na nchi kavu juu, pamoja na mimea inayoishi mpakani mwa hivyo viwili. Wengi huanza kwa kufikiria mimea na maporomoko madogo ya maji, kisha chujio hutafutiwa nafasi mwishoni. Wewe anza na chujio. Maji yakichafuka, samaki wa akwariamu huugua. Sisimizi wao hutoka na kuingia kitandani mwako.

Kwanza, ukubwa na mahali. Sentimita 80 kwa 40, kimo 45, kioo cha milimita 6: kipimo hicho kinatosha kundi la sisimizi mia kadhaa, na fundi vioo yeyote anaweza kukikata. Mwambie atumie silikoni inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, na kinachoua ukungu huwaua pia bakteria utakaowahitaji baadaye. Iache ikauke wiki nzima, kisha ujaze tangi maji uani na uliache siku tatu juu ya karatasi kavu kabla ya kuliingiza ndani. Tone moja kwenye karatasi ni habari njema ukilipata uani.

Ukishaweka mawe na maji, kitu hiki kitakaribia kilo 70. Na sisi wa Gisenyi hatuweki kilo 70 za kioo na maji mahali popote tu. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta na barabara katika mji huu, na anayekumbuka siku zile anajua vyombo vilivyokuwa rafuni viliishia wapi. Tafuta meza fupi, nzito, yenye miguu minene, isukumwe hadi ukutani. Chini ya tangi laza godoro jembamba la sponji. Soketi ya umeme isiwe chini ya usawa wa maji, na waya uning'inie kwanza chini kisha upande kwenye soketi, ili tone likitiririka liangukie sakafuni. Maji yenyewe yasizidi kina cha sentimita 12. Sisimizi hawahitaji zaidi, na hata kioo kikipasuka usiku utapangusa sakafu badala ya kuhamisha watoto.

Sasa chujio, ambalo ndilo moyo wa kazi hii. Wanaofuga samaki hutenga kona ya tangi kwa ajili ya chujio, maji yakaenda huko na kurudi. Kwa sisimizi mpango huo una kasoro: mkondo unaoelekea konani humbeba kila sisimizi aliyeanguka hadi konani, na kona inagusana na kioo, na kioo kinapandika. Kwa hiyo fanya kisiwa chenyewe kiwe chujio. Maji yavutwe kutoka pande zote kuingia ndani ya kisiwa kupitia mawe yake, yatolewe chini kwa bomba, yamwagwe tena mwisho wa tangi. Hapo uso wa maji wote unatembea kuelekea kisiwani, na aliyeanguka anarudishwa nyumbani kwake bila wewe kunyoosha kidole.

Mawe tunayo kuliko mtu yeyote. Amakoro, haya mawe meusi ya volkano yenye vitundu ambayo Goma na Gisenyi zimejengea kuta na uzio, ndiyo chujio bora unaloweza kupata bila kuagiza chochote. Vunja jiwe moja ulitazame karibu na dirisha. Kila kitundu kilikuwa kiputo cha gesi mawe yalipokuwa bado moto, na ndani ya kitundu kuna vitundu vingine. Humo ndimo bakteria watakapokaa. Kundi la kwanza hugeuza amonia, ile sumu inayotoka kwenye mizoga na mabaki ya chakula, kuwa nitriti. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati huliwa na mizizi ya mimea. Chujio la asili ni hilo tu: bakteria kwenye mawe, mizizi kati ya mawe, na maji yanayopita taratibu.

Nunua mawe kwa wauza vifaa vya ujenzi. Usichukue ya ufukweni, maana ukingo wa ziwa ni eneo la hifadhi. Yasugue kwa brashi na uyasuuze hadi maji yatoke meupe; vumbi jeusi la volkano huziba kila kitu. Ukitaka kuua wadudu waliojificha, yamwagie maji ya moto. Usiyachemshe jikoni wala kuyabanika, kwani unyevu ulionaswa ndani ya vitundu unaweza kuyapasua usoni mwako. Jiwe ambalo huna hakika nalo, lidondoshee siki: likitoa povu lina chokaa, litupe.

Chukua kreti ya plastiki yenye matundu uikate ibaki kama sentimita 45 kwa 20, iwekwe katikati ya tangi. Hivyo unabaki na mfereji wa sentimita 10 mbele na nyuma, na zaidi ya 17 kila mwisho. Katikati ya kreti, chini kabisa, pitisha bomba la plastiki lenye matundu. Litambae sakafuni mwa tangi hadi kioo cha mwisho, lipinde kona, lipande wima mpaka usawa wa maji. Chini ya sehemu hiyo iliyosimama ingiza mpira mwembamba kutoka pampu ya hewa. Viputo vinapopanda hubeba maji pamoja navyo, na maji mengine huvutwa kutoka chini ya kisiwa kufidia. Hakuna panga linalozunguka na kusaga wadudu, na hakuna umeme ndani ya maji. Viputo hivyo pia huuvunja utando juu ya maji, ule ule uliowapitisha sisimizi kwenye kopo la mama.

Umeme ukikatika, na hukatika, maji yanaweza kurudi nyuma kwenye ule mpira hadi ndani ya pampu. Itundike pampu juu ya usawa wa maji, au weka kwenye mpira vali ndogo inayopitisha hewa upande mmoja. Saa chache bila umeme hazitaua bakteria kwenye mawe yenye maji mengi kiasi hiki. Siku mbili ni jambo lingine: koroga maji kwa mkono mara kadhaa, na usitoe chakula cha nyama mpaka umeme urudi.

Pembeni mwa kreti panga mawe makubwa kama ngumi, ndani mawe madogo kama maharage, mpaka yazidi usawa wa maji kwa sentimita tatu. Juu yake utatandika wavu ili udongo usizame. Hapa nakuomba uwe mwangalifu. Mkono utakwenda wenyewe kwenye chandarua cha zamani kilichokunjwa kabatini. Vyandarua vya kujikinga na malaria hutiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haibagui mbu na sisimizi. Mimi nilipoteza kundi zima kwa kipande kisichozidi kiganja: siku ya tatu walikuwa wakitembea kama walevi, siku ya tano hapakuwa na anayetembea. Tumia wavu wa dirisha wa nailoni ambao haujawahi kutiwa dawa. Udongo nao usitoke kwenye shamba la viazi au vitunguu, kwa sababu mashamba yetu hupigwa dawa. Chukua wa chini ya mti wa uani, uuchanganye nusu kwa nusu na mchanga uliooshwa.

Maji ya kujaza yanastahili mjadala, kwa kuwa tunaishi kando ya ziwa na kila mtu hudhani jibu limelala pale chini. Ziwa Kivu lina maji mazito ya madini, na uso wake una pH inayokaribia 9. Tangi langu la kwanza nililijaza kwa ndoo kutoka ziwani. Baada ya mwezi kioo kilikuwa na mkanda mweupe usiotoka hata kwa siki, na jimbi zilikuwa zimekauka ncha. Kuna ubaya mwingine usioonekana: kadiri pH inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokaa katika hali yake ya sumu. Unalipa chujio kazi mara mbili. Maji ya mto Sebeya nayo hushuka na tope la milima yote ile, yaache.

Maji ya bomba ni mazuri yakiachwa wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini itoke. Maji ya mvua ni laini na mimea huyapenda, ila moshi wa Nyiragongo ukielekea huku hutia mvua asidi na floridi, na paa hutia vumbi. Iache mvua ya kwanza ioshe bati kwa dakika kumi na tano, ndipo ukinge. Mimi huchanganya nusu ya bomba na nusu ya mvua kwa kujaza, kisha kila wiki natoa ndoo ndogo, kama moja ya tano ya maji, narudisha mapya. Yanayopotea kwa kukauka nayafidia kwa maji ya mvua peke yake, kwa sababu maji hukauka lakini chumvi zake hubaki.

Mimea ipandwe ukingoni, mizizi ikiingia kati ya mawe yenye maji. Pothosi, ule mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo unaouona kwenye vibaraza vingi, hunywa nitrati kwa pupa. Jimbi ndogo za kando ya mfereji hukubali pia, zikioshwa mizizi vizuri. Gugumaji usiliguse hata kwa ua lake zuri; Ziwa Victoria limelilipia vya kutosha. Na chunga mkasi uwe karibu siku zote. Jani moja la pothosi likigusa kioo, ukuta wako umekwisha.

Kiota kiwe tofali la jasi ulilochonga vyumba upande mmoja, ukavifunika kwa kioo chembamba na kitambaa cheusi. Likae juu ya kisiwa, mguu wake ukigusa changarawe mbichi: jasi hunyonya unyevu yenyewe na kuupandisha, vyumba vya chini vikawa na unyevunyevu, vya juu vikavu, na sisimizi huhamisha mayai na mabuu kati yake wanavyotaka. Chumba cha chini kabisa kiwe angalau sentimita tano juu ya usawa wa maji. Chora mstari kwenye kioo cha nje kuonyesha mwisho wa kujaza, maana siku moja utakuwa unazungumza na mtu huku ndoo imeinama. Juu ya tangi weka mfuniko wa wavu laini wa chuma. Watu hupaka pia mkanda wa poda ya watoto iliyochanganywa na spiriti juu ya kioo, na mahali pakavu hufanya kazi nzuri. Gisenyi usiku kioo hutoa jasho, poda hulowa, na sisimizi hupita. Uwe ulinzi wa pili, usiwe wa kwanza.

Mbu watakuja kukagua, kwa kuwa wao hutafuta maji yaliyotulia. Mkondo wako na ule wavu vitawafukuza, lakini tazama pembe za tangi kila wiki. Ukiona viluwiluwi vya mbu, badilisha maji yote siku hiyo hiyo.

Ukimaliza kujenga, tangi halipokei mgeni kwa wiki sita hivi. Bakteria wanahitaji muda huo, na kwa hali yetu ya hewa, wastani wa nyuzi 20, hawana haraka. Tupia wadudu wawili watatu waliokufa kila wiki ili wapate cha kula. Muda huo ndio wa kumlea malkia.

Malkia huruka mvua zinapoanza, Septemba na Oktoba, tena Machi, jioni za joto baada ya mvua. Taa ya kibarazani itakuletea. Hapo usimchukue kumbikumbi, ambaye ni mchwa: mabawa yake manne yanalingana urefu, na mwili wake hauna kiuno. Malkia wa sisimizi ana kiuno chembamba kama uzi, vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Anayefaa tangi hili ni Camponotus maculatus, sisimizi mkubwa wa rangi ya hudhurungi mwenye madoa ya manjano tumboni, yule anayetembea usiku kwenye kuta zetu. Siafu, hao Wanyarwanda wanaowaita intozi, usifikirie kuwafuga. Hawana makazi ya kudumu, malkia wao hana mabawa, na kundi lao lina mamilioni.

Mtafute malkia aliyekwisha kung'oa mabawa yake, anayekimbia ardhini akitafuta pa kuchimba. Mwingize katika neli ya kioo: theluthi moja maji, pamba iliyobanwa kuyazuia, yeye, kisha pamba kavu mlangoni. Ifunge kwa kitambaa, iweke mahali penye joto na giza, uisahau. Hahitaji chakula. Misuli ya mabawa ambayo hatayatumia tena huyeyuka mwilini mwake na kuwa chakula cha watoto wa kwanza. Kwenye nyuzi 25 watatokea baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Karibu na baridi ya ziwa subiri zaidi. Mara moja kwa wiki, kwa taa hafifu, utamwona ameinama juu ya kifungu cha mayai madogo kama punje za chumvi, akiyalamba moja baada ya jingine.

Neli kama hiyo yenye pamba imewahi kufika mahakamani. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa nchini Kenya na malkia wapatao 5,000, wengi wao Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wavunaji wa mbegu, katika neli zaidi ya 2,200, tayari kwa safari ya soko la wafugaji ng'ambo. Tarehe 7 Mei walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au jela mwaka mmoja. Malkia mmoja aliyechukuliwa ni kundi zima ambalo halitazaliwa, na sisimizi wale hutawanya mbegu na kupitisha hewa ardhini. Kumhamisha nako kuna hatari yake. Huko Laikipia, sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa waliwaua sisimizi wanaolinda miti ya mgunga dhidi ya tembo. Tembo wakavunja miti, simba wakakosa maficho ya kuwindia pundamilia, wakageukia nyati. Mfuatano huo ulichapishwa katika jarida la Science mwaka 2024.

Kwa hiyo chukua malkia mmoja, uani kwako. Usimtafute ndani ya Gishwati-Mukura wala katika hifadhi ya Volkano. Usimuuze. Usimvushe mpaka, hata kama dada yako anakaa Birere upande wa Goma na unavuka mpaka wa Petite Barrière kila siku na kapu la mboga. Ukichoka kufuga, mrudishe pale pale ulipomtoa.

Wakifika wafanyakazi thelathini, wako tayari. Laza neli kisiwani mlango ukitazama kiota, toa pamba, ondoa kitambaa kwenye neli na ukiache kwenye kiota. Mwanga ndio utakaowahamisha. Wape siku mbili au tatu. Chakula ni tone la asali iliyozimuliwa kwa maji juu ya jiwe, na kipande cha panzi au cha sambaza mkavu asiye na chumvi, kidogo kama ukucha wa kidole kidogo. Kesho yake ondoa kilichobaki.

Siku chache baadaye utaona jambo linaloeleza kazi yote ya mawe. Mfanyakazi atatoka kiotani amebeba mwenzake aliyekufa, atashuka jiwe kwa jiwe hadi ukingoni, atasimama vipapasio vikigusa maji, kisha atamwachia. Maji yako ndiyo makaburi yao na jalala lao. Mzoga utaelea kidogo, mkondo utausogeza kwenye mawe, na kule chini bakteria watapokea.

Lakini kabla hujawatoa kwenye neli, pima mkondo. Laza karatasi safi juu ya maji yote, inyanyue polepole. Utando wa vumbi utatoka nayo, na hii iwe kazi ya kila Jumamosi. Kisha kata kipande cha jani kikavu kama punje ya mchele, kidondoshe kwenye kioo cha mbali kabisa, uanze kuhesabu. Kikigusa mawe ya kisiwa kabla ya mia moja, fungua neli. Kikigandia kioo au kikazunguka pembeni, geuza mdomo wa bomba kidogo, udondoshe kingine.